Sultani, Mwinyi, Siti: vyeo vilivyogeuka majina ya watoto

Kwenye insha za wanafunzi wangu wa historia ya Pwani nakuta mara kwa mara kwamba Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja, alikuwa mtoto wa "sultani wa Maskati", kwa kuwa vitabuni anaandikwa Said bin Sultan. Sultan hapo ni jina la mtu. Baba yake ni Sultan bin Ahmad, aliyetawala Maskati hadi alipouawa mwaka 1804, na watawala wa huko zama zile walikuwa wakiitwa Seyyid. Alipewa utotoni jina la cheo kimoja, akaja kutawala kwa cheo kingine.

Wazazi huniuliza kama ni vibaya kumwita mtoto Sultani, Amiri, Mfaume au Malkia. Wapo wazee wanaosema ni kumtafutia mtoto kiburi. Sikubaliani nao. Jina la namna hii halimpi mtu ukubwa: likishakuwa jina, heshima yake ya zamani hutoka, na watu hulazimika kumtafutia nyingine.

Chukua Mwinyi na Jumbe. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, mwenye jumba lake Dunga, na utawala huo ulikoma mwaka 1873. Jumbe naye alikuwa mkubwa wa mji huko Mrima, yaani pwani ya bara, kabla Wajerumani hawajamgeuza mtumishi wao wa kukusanya kodi. Uchifu wenyewe ulifutwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1963. Vyeo vilikwisha, majina yakabaki. Aboud Jumbe na Ali Hassan Mwinyi wote wawili walikuwa marais wa Zanzibar, na bado watu waliwaita Mzee Jumbe na Mzee Mwinyi. Hakuna aliyeona kwamba kwa kutamka "Mwinyi" ameshamaliza kumstahi.

Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi. Msanii mkubwa wa taarabu aliyezaliwa Fumba katika miaka ya 1880 hivi aliitwa Mtumwa binti Saad. Alipokuja mjini na sauti yake ikajulikana ndipo akapewa Siti, neno la kumwita bibi mwenye hadhi, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Kwake lilikuwa cheo hasa, tena cha kustahili. Leo Siti ni jina la binti yeyote, na mke wa hayati Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye majina yake yote mawili yana asili ya vyeo, tunamwita Mama Siti. Hilo "Mama" ndilo linalobeba heshima sasa.

Ninapowatahadharisha wazazi ni pale cheo kinapokuwa bado hai. Diwani, Waziri na Sheha ni majina mazuri ya kwetu, lakini diwani yumo kwenye halmashauri, waziri yumo serikalini, na sheha ndiye mkuu wa shehia kule Zanzibar. New Zealand sheria ya usajili ya 1995 ilimruhusu msajili kukataa jina linalofanana na cheo rasmi, na majina kama King na Prince yamekataliwa huko. Nisingependa tufike huko. Tungepoteza nusu ya majina ya mababu zetu.

Tatizo letu liko kwenye karatasi. Karani akiletewa "Shehe Ali Omari" anaweza kudhani Shehe ni cheo, akaandika Ali Omari. Cheti cha kuzaliwa kikawa na majina matatu na cha shule mawili, na kijana akaja kuhangaika na hati za kiapo wakati wa kutafuta kitambulisho. Basi unaposajili, mwambie karani waziwazi kwamba hilo ndilo jina la kwanza, liandikwe kwa ukamilifu bila kifupisho wala nukta. Soma cheti herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani, na siku ya kumwandikisha shule nenda nacho mkononi.