Viini vinane si kasi mara nane

Imani hii ina miaka mingi: prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, ikiwa na viini vinane (vitengo vinane vinavyoweza kufanya kazi kwa pamoja) hufanya kazi kwa kasi mara nane kuliko yenye kiini kimoja. Wauzaji wa kompyuta huirudia, na mnunuzi haoni sababu ya kubisha. Lakini sivyo.

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alieleza kwa nini. Programu nyingi zina sehemu isiyogawanyika, ambayo kila hatua husubiri jibu la hatua iliyotangulia. Tuseme sehemu hiyo ni asilimia 10 tu. Viini vinane vitakupa kasi ya takriban mara 4.7, na hata ukiweka viini elfu moja, hutafika mara 10.

Na kugawa kwenyewe ndiko kunakotutoa jasho sisi tunaoandika programu. Chukua akaunti yenye shilingi 1,000. Kiini kimoja kinasoma 1,000 ili kiongeze 500. Kabla hakijaandika, kingine nacho kinasoma 1,000 ile ile ili kiongeze 200. Cha kwanza kinaandika 1,500. Cha pili kinafuta na kuandika 1,200. Shilingi 500 zimepotea, wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Ukirudia jaribio, huenda jibu likatoka sahihi, na ndiyo maana kosa la aina hii linaweza kuchukua siku nyingi kunaswa.

Dawa iliyozoeleka ni kufuli: kiini kimoja kishike akaunti, vingine vingoje zamu. Ila vikishaanza kungoja, tumerudi kwenye foleni ile ile aliyoipigia hesabu Amdahl.