Negativu Ndiyo Picha Yenyewe

Haipiti wiki bila mteja kuniletea picha ya zamani iliyogandamana na kioo cha fremu kwa unyevu, akaniomba nimtengenezee nyingine kama ile. Nimuulizapo negativu iko wapi, yaani ile filamu iliyopigiwa picha, ambayo mwanga na giza vyake vimegeuzwa, hunijibu kwamba ilitupwa, kwani picha ilikwisha kusafishwa. Jibu hilo limenichosha, maana linatokana na dhana kwamba negativu ni makapi ya kazi.

Ukweli ni kinyume chake. Chukua picha ya harusi: mwanga uliotoka usoni mwa bibi harusi siku ile uliangukia filamu; karatasi ilikuja baadaye, ikapokea kivuli cha filamu hiyo chumbani mwa giza. Kwa hiyo picha iliyo ukutani ni nakala, na asili yake ni negativu. William Henry Fox Talbot wa Uingereza, ambaye negativu yake ndogo ya dirisha la nyumba yake, Lacock Abbey, ya Agosti 1835, ingalipo hadi leo, ndiye aliyefungua njia ya kutoa nakala nyingi kutokana na asili moja. Picha za mvumbuzi Louis Daguerre, zilizotangazwa Ufaransa mwaka 1839, hazikuwa na negativu, na ikiharibika moja imekwisha. Anayetupa negativu zake anajirudisha huko kwa hiari.

Tena negativu huhifadhi mengi ambayo karatasi haikuyaonyesha. Hivi karibuni nilishughulikia negativu ya sentimita 6 kwa 6 ambayo picha yake ya awali ilimwonyesha mzee mwenye kanzu nyeupe tupu, isiyo na hata mkunjo. Nilipoiongezea mwanga sehemu ya kanzu peke yake, huku nikiukinga uso kwa kipande cha kadibodi, darizi ya shingoni ikajitokeza uzi kwa uzi. Kupiga picha ya picha kwa simu hakuwezi kuirudisha darizi hiyo, kwa sababu kwenye karatasi haimo.

Wengine huidharau kontakti, yaani picha inayochapwa kwa kulaza negativu juu ya karatasi chini ya kioo, wakidai ni sampuli ya kuchagulia tu. Kwa filamu ya milimita 35 iliyokatwa vipande vya picha sita sita, hiyo kweli ndiyo kazi yake kubwa. Hata hivyo, kwa kuwa mwanga haupiti kwenye lenzi yoyote, hakuna njia inayotoa picha kali zaidi, na mpiga picha Edward Weston wa Marekani alichapa hivyo negativu zake za inchi 8 kwa 10. Ikitoka na ukungu, ama kioo hakikukandamiza, ama filamu iligeuzwa: upande usiong'aa ndio unaopaswa kuigusa karatasi.

Taa nyekundu ya chumba cha giza nayo ni salama kwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, si kwa filamu. Filamu nyingi huhisi rangi zote, na husafishwa gizani kabisa.

Ninawasihi wenye negativu wazinuse. Zikitoa harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza: zitengwe na nyingine siku hiyo hiyo, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu penye ubaridi, na zichapwe mapema, kwa sababu filamu ikishajikunja na kusinyaa haitalala tena chini ya kioo.