Aliyechimba ziwa siye anayelijaza

Juzi barazani, baada ya alasiri, kijana mmoja amenionyesha tena ile picha ya barafu ya Lewis, ya kule Mlima Kenya, ilivyopungua. "Mjomba, barafu ya Mlima Kenya ikiisha, si maziwa ya kule juu yatakauka, na Tana nayo?" Swali hili nimelijibu Mokowe, nimelijibu ndani ya boti ya Kipini, kule Tana inakoingia baharini. Sasa naliandika.

Kosa linaanzia kwenye jina. Tukisema "ziwa la barafu", msikiaji anaelewa ziwa la maji ya barafu. Chukua Ziwa Michaelson, katika Bonde la Gorges, mashariki ya mlima, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Barafu ndiyo iliyolichimba, zama za baridi kali, ikishuka bondeni na mawe yameganda tumboni mwake. Nimepiga magoti ukingoni nikaupapasa mwamba: laini kama ukuta uliopigwa niru, halafu vidole vinakutana na michirizi, yote imeelekea kule bonde linakoteremkia, kama mkuku wa jahazi umekokotwa hapo.

Barafu hiyo iliondoka maelfu ya miaka iliyopita, na ziwa lipo. Linajazwa na mvua, na theluji ya usiku inayoyeyuka jua likipanda, na maji yanayochuja polepole kutoka udongo tepetepe wa juu. Sisi watu wa pwani tunayajua majabia, matangi ya kukusanyia maji ya mvua. Fundi aliyelichimba keshazikwa zamani, na kila masika jabia linajaa. Nani amewahi kuogopa kwamba litakauka kwa sababu fundi amekufa?

Na hiyo picha yenyewe! Maji ya Lewis huteremkia Bonde la Teleki, yakaingia Naro Moru, kisha Ewaso Ng'iro, yakaishie kwenye kinamasi cha Lorian. Kipini hayafiki hata tone. Yanayotoka Michaelson, ndiyo, hufuata Mto Nithi na mwishowe huingia Tana.

Sisemi barafu ile haina maana. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake, na mimi niliyeikanyaga inaniuma. Lakini barafu yote ya mlima ule leo haifiki kilomita moja ya mraba. Huwezi kuutegemeza juu yake mto wa kilomita 1,000 hivi. Sababu ya kuisha kwake nayo hatujaimaliza sisi wenyewe tunaoichunguza. Joto limo, bila shaka. Ila barafu ya ikweta huuawa pia na ukavu: theluji mpya ikipungua, uso wake unapoteza weupe, unanyonya jua zaidi, na sehemu nyingine hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Joto kiasi gani na ukavu kiasi gani, tunabishana, na mimi mwenyewe nimebadili mawazo zaidi ya mara moja.

Mkulima wa mpunga wa delta ya Tana anayeonja chumvi shambani mwake hana haja ya picha ya Lewis. Bahari hupanda mtoni pale maji ya bara yanapopungua nguvu. Aulize mvua imenyesha vipi Aberdare na Mlima Kenya, msitu wa miteremkoni umebaki kiasi gani, na kwenye bwawa la Masinga, huko juu ya Tana, wamefungulia maji au wameyazuia.