Mvinyo wa ndizi ni wa mezani, usiujaze sukari

Senene, wale panzi wa kuliwa, wakianza kuanguka Masaka, Uganda, mwezi wa Novemba, swali hunijia kutoka kila upande: nishushie na nini? Jibu langu halibadiliki. Chukua mvinyo mkavu wa ndizi, yaani ule ambao chachu imeila sukari yote ikaimaliza, upoze vizuri, umimine. Wengi hushangaa, maana mvinyo wa ndizi waliozoea ni ule mtamu wa kunata midomoni, unaonywewa sherehe baada ya keki. Huo siutengenezi, na leo nataka nieleze kwa nini, kuanzia shambani hadi kwenye sahani.

Shamba letu la familia liko wilaya ya Kyotera, upande wa kuelekea Mutukula, mpakani na Tanzania, ambako siku ya soko utasikia Kiganda, Kihaya na Kiswahili katika mazungumzo ya mtu mmoja. Babu ndiye aliyepanda migomba ya kwanza. Sasa baba mdogo anasimamia shamba, mama anasimamia uvundikaji, mimi nasimamia mapipa. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, ndugu zetu wanapika rubisi, pombe ya ndizi. Huku kwetu kuna tonto. Migomba ni ile ile na mvua ni ile ile.

Watu wanaotoka Tanzania huniuliza mbona hatupandi zabibu kama Dodoma. Mzabibu unataka majira marefu ya ukavu. Dodoma inapata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, halafu mbingu zinafungwa. Mkulima anakata matawi yake kwa wakati anaoupanga na anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwetu mvua ni misimu miwili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, na hata katikati yake manyunyu hayakosekani. Majani ya mzabibu yakikaa na unyevu namna hiyo, ubwiri, ule ukungu wa majani, unayamaliza kabla tunda halijabadilika rangi. Unaweza kupambana nao kwa dawa wiki baada ya wiki. Mimi naona ni afadhali kutengeneza mvinyo wa kile ambacho udongo huu unakitoa bila kubembelezwa.

Si kila ndizi inafaa. Ndizi ya matoke tunaila, haikamuliwi. Kwa pombe kuna mbidde, ambayo ni ndugu wa matoke lakini ina ukakasi mwingi, halafu kuna kayinja, kisubi, na ile ndogo tamu ya sukali ndiizi. Mimi natumia kisubi na kayinja kwa maji yake mengi na sukari yake, kisha naongeza mbidde kiasi kwa ajili ya ule ukakasi. Bila mbidde mvinyo unapita mdomoni bila kushika popote.

Kayinja ndiyo inayotunyima usingizi. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulitambuliwa Uganda, huko Mukono, na kayinja ndiyo iliyoumia kuliko zote, kwa sababu wadudu wanaofuata utomvu kwenye ua dume wanaubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Dawa ya kuunyunyizia haipo. Kilichopo ni nidhamu. Chane ya mwisho ikishajitokeza, ua dume linavunjwa kwa mti wenye panda: unaiingiza panda juu kidogo ya ua, unazungusha, linakatika lenyewe. Panga halitumiki hapo, maana likigusa utomvu wa mgomba mgonjwa linaupeleka kwa mzima. Panga la kukatia mikungu linapitishwa kwenye moto au kusuuzwa kwa jiki kabla ya kugusa mgomba wa pili. Baba mdogo hana mchezo na hilo. Kibarua mpya akija, somo la kwanza ni panda, na chai inakuja baadaye.

Baada ya kuvuna, kazi inahamia kwa mama. Shimo linachimbwa, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa, zinafunikwa kwa majani mengine na udongo, na moshi kidogo unaingizwa kwa pembeni ili joto lipande na ndizi ziive pamoja. Zinakaa siku nne hadi sita hivi. Kuzikagua, mama hatazami rangi peke yake. Anachukua ndizi, anaimenya kuanzia kwenye kikonyo, na ganda lazima litoke zima bila kushikamana na nyama yake. Nyama ikibaki kwenye ganda, wanga haujageuka sukari wote, na mvinyo wake utakuwa na ukungu ambao hauchujiki kirahisi. Ndizi ikianza kulegea na kutoa harufu ya uchachu humo humo shimoni, anaitupa. Nilisoma teknolojia ya chakula na ninacho kifaa cha kupimia sukari, lakini nimekuwa nikikilinganisha na kidole chake miaka yote na havijatofautiana kiasi cha kunifanya nibadilishe utaratibu.

Kukamua ndiko kunakowashangaza wageni. Ndizi mbivu ukiiponda peke yake inakuwa uji mzito, maji hayatoki. Kwa hiyo zinawekwa kwenye mtumbwi wa kukamulia uliochongwa kwa gogo, zinachanganywa na nyasi kavu za lusenke, halafu zinakandwa kwa mikono au miguu iliyooshwa. Nyasi zinaichana nyama na kuishikilia. Mwanzoni unakanda tope tu. Ghafla tope linajikusanya mabonge, na chini yake inaanza kuchuruzika juisi ya rangi ya asali, safi kabisa. Juisi yetu nzuri inafika vipimo 22 vya sukari, yaani gramu 22 hivi katika kila gramu 100 za juisi, na kwa kuwa chachu inahitaji gramu 17 hivi za sukari kwenye kila lita ili kutoa asilimia moja ya kilevi, hapo tayari una mvinyo wa asilimia 12 bila kuongeza hata kijiko cha sukari ya dukani.

Tonto inaanzia kwenye juisi hiyo hiyo. Unaongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika, na baada ya siku moja hadi tatu unakunywa. Ni kinywaji cha heshima, hakuna shughuli ya kwetu inayokamilika bila kibuyu chake, na sipendi kuisikia ikidharauliwa. Lakini siku chache baadaye imeshakuwa kali ya siki. Mvinyo ni kazi ya subira na ya kuzuia hewa. Juisi inachujwa, inawekewa chachu ya mvinyo, pipa linafungwa kwa kizibo chenye mrija unaoishia kwenye maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Nusu ya kila pipa tumeizika ardhini, kwa sababu uchachukaji unatoa joto lake wenyewe na mchana wetu unafika nyuzi 27. Pipa likipata joto sana harufu ya tunda inaondoka na unabaki na ukali wa kilevi. Baada ya wiki mbili au tatu, pipa likinyamaza, mvinyo unahamishiwa pipa jingine, mashapo yanaachwa chini. Zoezi hilo linarudiwa mpaka mvinyo uwe mwangavu, na hiyo ni miezi.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi hii. Juisi ya ndizi ina sukari tele lakini haina uchachu wa kutosha. Kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, mvinyo unataka 3.4 hadi 3.6 hivi, juisi ya ndizi huwa juu ya 4. Ukiiacha hivyo unapata mvinyo uliolala, na tena bakteria wanaupenda. Mtengenezaji mwenye haraka anauamsha kwa sukari. Mimi nauamsha kwa pasheni. Maji ya pasheni yenye uchachu mkali yakiingia kabla ya chachu, kila kitu kinasimama: harufu inafunguka, mvinyo unadumu, na dawa ya salfa inayohitajika kuuhifadhi inapungua. Mahali ambapo pasheni zimeadimika, limau linafanya kazi, ila lina harufu ya kujitangaza.

Uchachu huo ndio unaokutana na chakula chetu. Fikiria matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani, yamebonyezwa, laini, halafu juu yake mchuzi wa karanga. Ni chakula kizuri sana, lakini vyote viwili ni laini na karanga ina mafuta yanayopaka ulimi. Funda la mvinyo mkavu wa ndizi linausuuza ulimi, na tonge linalofuata linaonja upya. Mvinyo mtamu hapo unaongeza uzito juu ya uzito; baada ya tonge la tatu umeshiba kwa kuchoka.

Luwombo nauheshimu zaidi. Masimulizi ya Buganda yanasema ulizaliwa jikoni kwa Kabaka Mwanga, miaka ya 1880. Kuku au nyama inafungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni na kupikwa kwa mvuke, na harufu ya lile jani, yenye moshi kidogo, inaingia kwenye mchuzi. Mvinyo wetu umetoka kwenye ndizi zilizovundikwa kwa majani na moshi. Nikifungua luwombo na chupa mezani kwa wakati mmoja, harufu zinasalimiana. Kwa luwombo nachagua mvinyo wenye mbidde zaidi, kwa sababu nyama inauvumilia ukakasi.

Samaki hauvumilii. Sato wa Kasensero, mwalo wetu wa Ziwa Viktoria, aliyekaangwa asubuhi ile ile aliyovuliwa, ukimlisha na mvinyo wenye ukakasi mwingi utahisi ladha ya chuma mdomoni. Kwake ni mvinyo wa kisubi pekee, baridi, na ndimu uipunguze kwenye samaki kwa kuwa uchachu umo tayari kwenye glasi.

Na senene? Wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na kitunguu na chumvi. Chumvi inatuliza uchachu wa mvinyo, uchachu unakata mafuta, na ile ndizi ya mbali iliyobaki kwenye harufu inaonekana tamu ingawa sukari haimo. Sijapata chakula kingine kinachoufaidi mvinyo huu kiasi hiki.

Mahali pamoja tu naufungulia mlango utamu: pilipili. Kilevi kinaichochea pilipili, na utamu kidogo unaipoza. Kwa mchomo wa mbuzi wenye pilipili nyingi natoa mvinyo mwekundu wa choya (rosela) niliouachia sukari kiasi. Ule uchachu wa choya unasimama sawa na moshi wa mkaa.

Duka moja la Kampala liliwahi kutuambia lingechukua mzigo wote endapo tungeongeza sukari, kwa sababu ndivyo wateja wanavyotaka. Nyumbani tulijadili kwa uchungu, maana ada za shule hazisubiri. Mama akauliza swali moja: "Mwanangu, hao wateja wameshaunywa wakila?" Tukabaki na mvinyo wetu, tukaanza kuuza kwa wenye vibanda vya chakula, sahani na glasi pamoja. Wanaoonja hivyo hawaulizi sukari.

Ukipata chupa, ipoze saa moja kwenye friji. Pasipo na umeme, izamishe kwenye mtungi wa maji tangu asubuhi. Ikishafunguliwa, imalize ndani ya siku tatu. Kinachobaki usikimwage: kiache na hewa, kifunikwe kitambaa, na baada ya wiki kadhaa utakuwa na siki ya ndizi ya kutilia kachumbari.