Je, wajua kwa nini leseni ya makaa ya mawe Lamu ilifutwa bila makaa yenyewe kupigwa marufuku?

Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira nchini Kenya, maarufu kama NET, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, kaunti ya Lamu. Wengi walioshangilia siku ile, na wengi walionuna, walichukulia kwamba jopo limetamka makaa ya mawe hayafai. Halikutamka hivyo. Lilimwachia mwekezaji, kampuni ya Amu Power, mlango wazi: ikiwa bado anataka kujenga, aanze upya tathmini ya athari kwa mazingira, na safari hii afuate sheria ya kuwashirikisha wananchi.

Huu ulikuwa mradi wa takriban dola bilioni 2, megawati 1,050, na serikali ilikuwa ikiupigia debe. Uliangushwaje na masuala ya mikutano na matangazo?

Kwanza tuelewe rufaa ya mazingira inapima nini. Swali la awali mbele ya jopo ni hili: ofisa aliyetia sahihi leseni alifikaje hapo? Alimsikiliza nani? Alikuwa na taarifa gani mezani alipoamua? Sheria ilimtaka afanye nini, naye alifanya? Kibali kikipatikana kwa njia ya mkato, hakisimami, hata kama mradi wenyewe ungekuwa wa kuchimba visima vya maji safi.

Kenya imeliweka jambo hili kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na wasimamizi wa umma kwa haraka, kihalali, kwa mantiki na kwa utaratibu wa haki. Uamuzi ukigusa haki zake vibaya, lazima aandikiwe sababu. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na salama, na cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Vifungu hivi vikisomwa kwa pamoja, ofisa wa mazingira hawezi kusema "nimeamua" akaishia hapo. Anadaiwa maelezo.

Anadaiwa maelezo ya nini hasa? Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinaeleza kinagaubaga. Wakati utafiti wa athari unaendelea, mwenye mradi anatakiwa kubandika mabango mahali penye watu karibu na eneo la mradi. Atangaze kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo. Atangaze redioni, kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, angalau mara moja kwa wiki kwa wiki hizo mbili. Kisha aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa na mradi, awaeleze athari zake, achukue maoni yao kwa mdomo au kwa maandishi. Ripoti ikikamilika, inapelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ambayo nayo inatakiwa kuitangaza kwa umma na kupokea maoni kabla ya kuamua.

Huko Lamu mikutano ilifanyika. Hilo halikubishaniwa, na ndiyo sababu kesi hii inafundisha zaidi kuliko ile ambayo serikali haikuita mkutano hata mmoja. Jopo lilipochunguza tarehe na yaliyozungumzwa, liliona mikutano ile ilikuwa ya utambulisho tu: huu ndio mradi, hii ndiyo kampuni, karibuni. Ilifanyika kabla ya utafiti. Mvuvi aliyekaa kwenye kikao kile hakuweza kuuliza maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatafanya nini kwenye mazalia ya samaki, kwa sababu majibu hayo hayakuwa yameandikwa bado. Na utafiti ulipokwisha, ukazaa ripoti nene ya kitaalamu, hakurudiwa akaelezwa yaliyomo kama kanuni zinavyotaka. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha kesi nzima. Kumkusanya mtu kabla hujawa na la kumwambia, halafu ukamhesabu kuwa ameshauriwa, ni funika kombe mwanaharamu apite.

Jopo lilitumia tamathali ambayo wanasheria wa mazingira Kenya wanaikariri hadi leo: ushiriki wa umma ni oksijeni ya tathmini. Bila hiyo, ripoti huzaliwa maiti, hata iwe na kurasa nyingi na za kupendeza kiasi gani.

Lawama haikuishia kwa kampuni. NEMA ilitoa leseni mnamo Septemba 2016, na jopo likaona kwamba mamlaka hiyo ilikiuka kanuni ambazo yenyewe ndiyo mlinzi wake. Hapa ndipo uwajibikaji wa serikali unapoanza kuwa na maana. Kampuni binafsi ina faida yake ya kutetea, na kila mtu anajua. Mwananchi anamtegemea ofisa wa umma aseme "rudini mkafanye vizuri" pale kazi inapoletwa nusunusu. Asiposema, lazima pawe na mtu wa kumuuliza yeye.

Jopo liligusa pia sayansi ya ripoti. Lilikosoa kutozingatiwa kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, jambo zito kwa mtambo ambao ungekuwa wa kwanza wa aina yake Kenya, katika kaunti yenye mikoko mingi na mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ila hata hoja hizi zilirudi palepale: mwamuzi hakuwa na taarifa alizopaswa kuwa nazo alipoamua.

Wapo wanaosema huku ni kukwamisha maendeleo kwa vijisheria. Nawaelewa, maana Lamu inahitaji ajira na Kenya inahitaji umeme. Lakini watazame Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliachwa kifanye kazi hadi wakazi, watoto wakiwemo, wakadhurika kwa sumu ya madini ya risasi (lead). Huko sheria ilikuja baada ya sumu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuzibebesha taasisi za serikali, NEMA ikiwa mojawapo, sehemu ya lawama. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Madini ya risasi yakishaingia kwenye damu ya mtoto, hakuna hukumu inayoyatoa. Mikutano mitatu na tangazo la redio ni bei nafuu mno ukilinganisha.

Lawama moja naikubali bila kusita: ucheleweshaji. Save Lamu, shirika la kijamii la huko Lamu, na wenzao watano walikata rufaa mwaka 2016 na kupata uamuzi 2019. Amu Power ikakata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi, na hukumu ya kuitupilia mbali ikatoka Oktoba 2025. Karibu miaka tisa! Kifungu cha 47 kinataja haraka, na haki hiyo ni ya pande zote. Mwekezaji anakaa na fedha zisizozunguka, na mkulima wa Kwasasi anakaa na shamba asilojua kama bado ni lake. Anayependa utaratibu wa haki hana budi kudai majopo haya yapewe watu na fedha za kutosha.

Pamoja na hayo, mlango wa rufaa si mzito kama watu wanavyodhani. Jopo si mahakama ya kawaida. Lina wanasheria na wataalamu wa mazingira, na sheria inasema halifungwi na kanuni za ushahidi zinazotumika mahakamani, kwa hiyo mzee wa kijiji anaweza kueleza alichokiona bila kubanwa na kila kifungu cha wanasheria. Lina uwezo wa kuthibitisha uamuzi wa NEMA, kuufuta, kuubadilisha, au kutumia mamlaka ambayo NEMA ingeyatumia. Tanzania nayo, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, imeweka Baraza la Rufaa za Mazingira kwa lengo linalofanana.

Kinachowaponza wengi ni saa. Nchini Kenya rufaa kwa jopo inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu uamuzi unaolalamikiwa, na wanakijiji wengi hupata habari za leseni pale tingatinga linapoingia. Ndiyo maana ukisikia mradi unapimwa kwenu, usingoje leseni. Andika barua NEMA mapema, ombeni nakala ya ripoti, jiandikisheni kwenye kila mkutano na mbaki na nakala ya orodha ya mahudhurio na ya kile kilichosemwa. Kesi ya Lamu ilitegemea sana jambo hilo: kuonyesha mkutano gani ulifanyika lini, na siku ile wananchi walielezwa nini.