Maana ya injini ya petroli yenye mgandamizo unaobadilika, na suala la uimara wake

Uwiano wa mgandamizo ni kipimo kinachoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi pistoni inapopanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ya silinda. Uwiano ukiwa 10 kwa 1, nafasi ya vipimo 10 inabanwa hadi kubaki kipimo 1 kabla plagi haijarusha cheche. Katika karibu magari yote ya petroli yanayopita barabara ya Dodoma kwenda Singida, namba hiyo iliamuliwa kiwandani na haitabadilika hadi gari liuzwe kama chuma chakavu. Injini yenye mgandamizo unaobadilika huibadilisha namba hiyo yenyewe, huku gari likiendelea kutembea.

Mgandamizo mkubwa hutoa kazi nyingi zaidi kutoka kwenye kiasi kilekile cha petroli, lakini una mpaka wake. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi, hasa injini ikiwa ya moto na imebeba mzigo, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, na hapo ndipo husikika ule mgongano wa chuma ambao mafundi wanaujua vizuri. Turbo, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, huongeza tatizo hilo, kwa sababu hewa inaingia kwenye silinda ikiwa tayari imeshindiliwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa injini za turbo hukubali uwiano wa chini, na dereva hulipia uamuzi huo kwa mafuta kila anapokwenda polepole bila mzigo.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Turbo hufidia upungufu huo kwa kushindilia zaidi. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda mlima Sekenke saa nane mchana linahitaji uwiano wa chini ili injini yake isitoe mgongano huo, ilhali gari hilohilo likiteleza kwenye tambarare ya Bahi lingefaidika na uwiano wa juu.

Wazo lenyewe si geni. Mhandisi Mwingereza Harry Ricardo alitumia injini ya majaribio ya aina hii karibu karne moja iliyopita ili kuchunguza tabia ya mafuta, na mwaka 2000 kampuni ya magari ya Saab ilionyesha Geneva injini ambayo sehemu yake ya juu iliinama ili kubadili uwiano, lakini haikuingia sokoni. Nissan ndio waliofika hadi kwenye magari ya kuuzwa: injini yao ya lita 2.0 ilionyeshwa Paris mwaka 2016, ikaanza kuuzwa ndani ya QX50 ya Infiniti, chapa ya kifahari ya Nissan, mwaka 2018, kisha ikafuata Altima na ile ndogo ya lita 1.5 yenye silinda tatu.

Katika injini ya kawaida konrodi moja, yaani mkono wa chuma, huunganisha pistoni moja kwa moja na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Katika hii ya Nissan, konrodi ya pistoni hushikwa na kiungo kipana kilichokaa juu ya krenki na kucheza pande mbili kama bembea ya ubao. Upande mmoja wa kiungo hicho unabeba pistoni, na upande wa pili unavutwa na mkono mwingine uliounganishwa na shafti ya chini. Mota ya umeme inapoizungusha shafti hiyo kidogo, mlalo wa kiungo hubadilika na pistoni hupanda juu zaidi au huishia chini kidogo. Kwa njia hiyo uwiano huhama popote kati ya 8 kwa 1, injini inapodaiwa nguvu zote, na 14 kwa 1, inapokwenda kwa utulivu. Hata ujazo wa injini ya lita 2.0 hubadilika, kutoka sentimita za ujazo 1,997 hadi 1,970. Faida moja isiyosemwa sana ni kwamba konrodi hupanda na kushuka karibu wima, hivyo pistoni haisuguani sana na ukuta wa silinda.

Gharama yake iko kwenye beringi, vile vipande vinavyokaa kati ya sehemu zinazozunguka. Kila kiungo kilichoongezwa kinahitaji mahali pa kuzungukia, na kila mahali pa kuzungukia panategemea utando mwembamba wa oili kubeba kishindo cha kila mlipuko. Mwaka 2025 Nissan iliyaita zaidi ya magari 440,000 nchini Marekani yarudishwe kwa ukaguzi na matengenezo, yakiwemo Rogue, Altima, QX50 na QX55 ya miaka kadhaa, kwa sababu ya kasoro za utengenezaji katika beringi za injini hizi, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko kufungua uchunguzi mwishoni mwa 2023. Kwa maoni yangu, hilo halithibitishi kwamba wazo ni bovu: kampuni yenyewe ilikadiria kwamba magari yenye kasoro ni sehemu ndogo tu ya yaliyoitwa. Linaonyesha hata hivyo kwamba injini hii haina uvumilivu mkubwa kwa kosa dogo la kiwandani, na sioni kwa nini iwe na uvumilivu zaidi kwa uzembe wa mwenye gari.

Ukaguzi ulioagizwa katika wito huo ulihusu kutazama ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kama kuna chembe za metali. Fundi wa hapa anaweza kufanya jambo linalofanana wakati wa kumwaga oili, ila asiitegemee sumaku peke yake. Beringi nyingi hufunikwa kwa aloi ya aluminiamu au shaba, ambayo sumaku haiivuti. Ni afadhali aikate filta ya zamani, aikunjue karatasi yake chini ya mwanga na kutafuta vimetameta. Akiviona, gari lisiwashwe tena hadi chanzo kijulikane. Oili iwe ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari. Ile desturi ya kuweka oili nzito kwa sababu ya joto inabadilisha utando ambao nafasi za beringi hizi zilipimwa kwa ajili yake.

Rogue na Altima ni nadra kwetu kwa kuwa usukani wake uko kushoto. Gari lenye injini hii ambalo mnunuzi wa Dodoma anaweza kukutana nalo ni X-Trail iliyotoka Japani kuanzia 2022, ambamo injini ya lita 1.5 huzalisha umeme tu na mota ya umeme ndiyo inayosukuma matairi. Anayenunua gari la Marekani anaweza kuingiza namba yake ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya mamlaka ya huko na kuona kama matengenezo ya wito huo yalifanyika. Magari ya soko la Japani yana namba fupi ya fremu ambayo mfumo huo hauisomi, kwa hiyo kwa hayo mnunuzi adai kumbukumbu za kubadilisha oili kabla ya kulipa.