Rangi ya makabati ya jikoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Makabati ya jikoni yakififia, wengi huona njia mbili tu: kuita seremala atengeneze mapya, au kununua kopo la rangi na kuyapaka yote Jumamosi moja. Ukweli ni kwamba maboksi ya kabati mara nyingi bado ni mazima. Kilichochoka ni uso, bawaba na vishikio, na hivyo vyote unaweza kuvishughulikia mwenyewe. Ila rangi ikianza kubanduka baada ya miezi miwili, lawama humwangukia mtengeneza rangi, wakati kosa lilifanyika kabla kopo halijafunguliwa.

“Rangi nzuri hushika popote.”

Haishiki juu ya mafuta. Mlango ulio karibu na jiko umefunikwa na utando wa mafuta ya kukaangia uliochanganyika na vumbi. Ukiupitisha ukucha, unakuja na kitu cha njano kinachonata. Sehemu nyingine mbaya ni pale vidole vinaposhika kila siku, pembeni mwa kishikio. Hapo ndipo rangi huanza kumenyuka.

Osha kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa, unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na kuyazika chini ya rangi. Tumia maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa sponji ngumu, suuza mara mbili, acha pakauke kabisa. Magadi hukata mafuta sugu vizuri, lakini yaweke kwenye nyuso zilizopakwa rangi tu, kwa sababu huweza kuitia weusi mbao iliyo wazi. Ukimaliza, futa kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo waiti spiriti, kile kiyeyusho cha rangi ya mafuta. Kitambaa kikitoka na njano, rudia.

“Lazima upige msasa mpaka mbao ionekane.”

Hapana, labda kama rangi ya zamani imepasuka na inabanduka yenyewe. Kazi ya msasa ni kuondoa mng'ao ili rangi mpya ipate pa kushikilia. Namba 180 inatosha kwa rangi ya zamani na vanishi, kisha 240 kati ya mkono (tabaka) mmoja wa rangi na mwingine. Paplaiwudi na mbao za kubandikwa zina ngozi nyembamba mno, pengine nusu milimita tu. Ukikazania mashine kwenye kingo unaitoboa, na doa hilo halifichiki kwa vanishi.

Kosa la upande wa pili ni kuamini kwamba undakoti za kisasa, zile rangi za kwanza zinazotangulia chini, hazihitaji msasa kabisa. Zinahitaji, hata kama ni dakika mbili kwa kila mlango.

Jambo moja la usalama: rangi za miaka mingi iliyopita huenda zina risasi, ile metali yenye sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kabati la zamani usilipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, na matope yake yafutwe kwa karatasi kabla hayajakauka. Barakoa vaa hata kwa kabati jipya: vumbi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ni laini mno, na la mvule huwasha pua na ngozi.

“Kabati ni mbao tu.”

Fungua bawaba moja uchungulie tundu lake. Ukiona chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi, na uso wake laini unaofanana na plastiki ni melamini. Ukiona kitu cha kahawia kama pumba zilizoshindiliwa, ni MDF. Ukiona nyuzi, ni mbao kweli. Kila moja ina tabia yake.

Melamini haifyonzi chochote, kwa hiyo undakoti ya kawaida ya mbao hukaa juu yake kama ganda na kutoka kwa ukucha. Dai dukani undakoti ya kushika nyuso laini, ile iliyoandikwa kwamba inafaa vigae na plastiki. MDF uso wake hauna shida, lakini kingo zake hunywa rangi kama sponji na kubaki na manyoya. Zipake undakoti mara mbili, ukipiga msasa katikati.

Mninga, mvule na mkongo nazo zina rangi yao ya asili inayoyeyuka. Ukipaka nyeupe ya maji moja kwa moja, baada ya siku chache yanatokea madoa ya njano au ya kahawia, na ukiongeza rangi yanapanda tena. Macho ya paini na saiprasi hufanya hivyo hivyo kwa utomvu wake. Kinachozuia ni undakoti ya shelaki (utomvu unaoyeyushwa kwa spiriti) au ya mafuta, siyo mkono wa tatu wa rangi. Kusema kweli, kabati la mninga lililo zima halistahili rangi nyeupe: lisafishe, lipige msasa, lipake vanishi.

Kabla ya kupaka milango yote, jaribu nyuma ya mlango mmoja. Paka undakoti na rangi, ngoja siku tatu au zaidi, chora alama ya X kwa wembe, bandika selotepu juu yake, ikandamize, kisha ivute ghafla. Ikitoka na rangi, jua tatizo liko chini. Afadhali kulijua kwa mlango mmoja kuliko kwa kumi na miwili.

“Thina ni thina.”

Hili huharibu kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa waiti spiriti au tapentaini. Ile thina kali ya rangi za magari, ukiichanganya humo au ukiipaka juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, uso unajikunja kama ngozi ya maziwa. Mafuta ya taa, ambayo wengi huyatumia kwa sababu ni rahisi, huchelewesha ukaukaji na kuua mng'ao. Petroli usiithubutu kabisa, hasa jikoni penye mtungi wa gesi. Kiasi nacho kina mpaka: soma kopo, na kwa kawaida usivuke asilimia 10.

Wanaopaka vanishi za kukauka haraka huko Pwani wakati wa masika hukutana na weupe kama ukungu ndani ya vanishi. Huo ni unyevu wa hewa ulionaswa thina ilipokuwa inaruka. Ngoja siku kavu, anza kazi jua likishapanda, na usipake jioni.

“Mkono mmoja mzito unaokoa muda.”

Unatiririka, na wa mafuta hukauka juu huku chini ukiwa mbichi, kisha unajikunja. Paka miwili myembamba. Laza mlango juu ya vibao, pita pembeni na kwenye mitaro kwa brashi, kisha bapa kwa rola ndogo ya sponji.

Kuhusu kiasi, piga hesabu badala ya kubeba kopo la lita 4 kwa mazoea. Milango 12 ya sentimita 40 kwa 70, pande zote mbili, ni kama mita za mraba 6.7. Ongeza nyuso za droo na fremu, ufike 10 hivi. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye uso laini, kwa hiyo lita 2 za rangi na 1 ya undakoti zinatosha. Rangi ya maji ya ukutani iliyobaki usiilete hapa: ni laini, hunywa mafuta, na haivumilii kusuguliwa.

“Ikishakauka, imemaliza.”

Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Rangi ya mafuta huguswa bila kunata baada ya usiku mmoja, lakini huchukua wiki mbili hadi nne kuwa ngumu. Ukifunga milango siku ya pili, inagandana na fremu, na ukiivuta inang'oka na kipande cha rangi. Subiri angalau siku tatu, kisha bandika vipira vidogo kwenye pembe za ndani. Wiki za mwanzo futa kwa kitambaa kibichi tu, bila sabuni kali. Nyeupe ya mafuta nayo hugeuka njano kwa muda, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga. Ukitaka nyeupe ibaki nyeupe, tafuta enameli ya maji, yaani rangi ngumu ya milango na makabati inayozimuliwa kwa maji.

“Puti hurekebisha kila kitu.”

Puti ni ujiuji mzito wa kuziba mashimo tu; chipubodi iliyovimba chini ya sinki hairudi. Zibeni kwanza panapovuja, kisha badilisheni ubao huo. Mashimo madogo yanayomwaga unga mpya nayo ni wadudu walio hai. Tibu kwa dawa ya mbao kwanza, kwa sababu puti itawafunika tu.

“Vishikio na bawaba ni mapambo ya mwisho.”

Vinunue kabla ya rangi. Vishikio hupimwa katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na vipimo vinavyopatikana sana ni milimita 96 na 128. Vipya visipolingana na vya zamani, matundu lazima yazibwe kabla ya undakoti, siyo baada. Namba ya kila mlango iandike ndani ya lile shimo la mviringo la bawaba, milimita 35, ambalo halipakwi rangi.

Skrubu inayozunguka bila kukaza ichomekee njiti za kiberiti zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao, zikate usawa, kesho yake ukaze upya. Kwenye chipubodi iliyobomoka, toboa milimita 8 na ugongomee kigingi cha mbao ngumu. Mlango ukikaa upande, usiung'oe. Skrubu ya mbele ya bawaba husogeza kushoto na kulia, ya nyuma hutoa na kuingiza, na zile za bamba, kile kipande cha bawaba kilichofungwa kwenye boksi la kabati, ukizilegeza unapandisha au kushusha. Zungusha nusu mzunguko, funga, tazama mwanya, zungusha tena.